Umeitazama, haya, umeionaje?

Wazazi wa siku hizi ni hodari wa kuuliza maswali. Umekula? Umeoga? Umefanya kazi ya ziada ya hisabati? Umekuwa wa ngapi darasani? Na kile kitabu nilichokununulia kwa pesa za jasho langu, umekimaliza? Maswali ni mengi hata mtoto anaporudi kutoka shuleni huwa kama dereva aliyefika kwenye kizuizi cha polisi. Lakini kuna swali moja ambalo ni nadra kulisikia katika nyumba zetu, ziwe za Buruburu au za mashambani, nalo ni hili: umekionaje?

Msomaji mpendwa, usidhani ninacheza na maneno. "Umekimaliza?" ni swali la karani wa kupima majani chai. Linataka kilo. "Umekionaje?" ni swali la mtu anayetaka kujua kilichomo kichwani mwa mwenzake, na mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo hukua akijua kwamba kichwani mwake mna kitu.

Nimeyawaza haya tangu nilipokaa juma zima huko Kimulot wakati wa likizo ya Agosti, nyumbani kwa dada yangu mkubwa aliyeolewa huko. Kwa wasiopajua, Kimulot ni wadi katika eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, upande wa msitu wa Mau. Ni nchi ya chai tupu. Ukitupa macho kulia ni majani, ukitupa kushoto ni majani, na katikati barabara nyekundu ambayo mvua ikinyesha huwa ya kutelezea wala si ya kupita. Asubuhi jua huwaka vizuri, watu wakachuma na kupeleka vikapu kituoni kupimiwa. Alasiri mvua hushuka. Hapo kila mtu hukimbilia ndani, chai ikaandaliwa, na saa za burudani zikaanza bila mtu kuzitangaza.

Nyumbani kwa dada mna runinga iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, rununu nne, na rundo la vitabu teule vya mpwa wangu wa kike aliye Kidato cha Tatu. Yaani filamu, gemu na vitabu, vyote chini ya paa moja la mabati, na mvua juu yake. Kilichokosekana ni mazungumzo. Kila mtu alikuwa na chake, akakimaliza, akanyamaza.

Nilianza na yule msichana. Alikuwa na tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha. Nikamuuliza inahusu nini. Lo! Alikaa wima akanitolea dhamira, maudhui, sifa za wahusika, mbinu za lugha, kila kitu kwa mpangilio, kama mtangazaji wa taarifa ya saa moja. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamuuliza, "Na wewe mwenyewe, umeipenda?"

Kimya. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza nambari ya siri ya M-Pesa ya mamake.

"Anko," akasema hatimaye, "hilo haliulizwi kwenye mtihani."

Sikumlaumu. Ni kweli haliulizwi. Lakini jioni ile tulipokuwa jikoni, akisugua sufuria, alilirudia jambo hilo mwenyewe bila kuulizwa. Alisema kwamba darasani kila mtu humlaumu Yona, yule mume mlevi, na yeye pia huandika hivyo ili apate alama. Moyoni, hata hivyo, alimhurumia, maana Yona alisemwa na watu kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, "Lakini Sara pia alisemwa. Kwa nini mwanamume akisemwa anaruhusiwa kuvunjika, na mwanamke akisemwa anatakiwa kuendelea kupika?"

Dada yangu aliacha kukoroga ugali. Nyumba ile ni ya wasichana watatu na mvulana mmoja tu, kitinda mimba, na nadhani kila aliyekuwa jikoni alijua swali lile halikuwa la kitabuni peke yake.

Naam, hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Sisemi kwamba miongozo ya vitabu teule haina kazi. Inayo, na imewapitisha wengi. Ila tunapompa mtoto mwongozo kabla hajapewa nafasi ya kukasirika, kucheka, au hata kulala usingizi juu ya kitabu, tunamfundisha kwamba maoni ni bidhaa ya dukani: mtu hununua ya mwingine akayavaa. Waliosoma Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyotahiniwa katika KCSE miaka ya 2013 hadi 2017, wanamkumbuka Mwalimu Majisifu. Bwana huyo alijipatia sifa kwa mswada alioiba kwa kijana Amani. Vijana wetu walimcheka sana Majisifu katika insha zao, insha ambazo wengi wao walikuwa wamezinakili kutoka kwa mwongozo.

Na kwa kuwa ninawataka wengine watoe maoni, si haki mimi nijifiche. Yangu ni haya: kati ya riwaya mbili za Walibora zinazojulikana zaidi, mimi naipenda Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, kuliko Kidagaa. Katika Kidagaa majina yanaharakisha kunieleza nani mwema na nani mwovu. Nikikutana na Amani, Imani, Majisifu na Mtemi Nasaba Bora, tayari nimekwisha kujua nimpende nani. Katika Siku Njema, Kongowea anatoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba ambaye hamjui, na mimi msomaji sijui kama baba huyo anastahili kutafutwa. Sijui, kwa hiyo naendelea kusoma. Najua wapo walimu watakaosema kwamba majina ya Kidagaa ni kejeli na ni ufundi wa makusudi. Vyema, na waseme. Tutabishana, na vitabu vyote viwili vitafaidika.

Asije mtu akaniambia kwamba kutoa maoni juu ya sanaa ni kazi ya wasomi wa chuo kikuu. Kutoka Kimulot hadi Kapkatet si mbali, ni kuvuka tu na kuingia Kaunti ya Kericho. Mwaka 1950 alifika huko Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka bara hili akirekodi muziki wa wenyeji. Kapkatet alikuta wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya kiumbe anayeitwa Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imepanda hadi milima hii kwa njia ya santuri. Wenyeji walilichukua jina lake wakalikunja hadi likakaa vizuri kinywani. Na kwa maelezo ya Tracey, wasichana wale walimfanya Mmarekani huyo kuwa nusu mtu nusu paa, wakamhimiza acheze ngoma yao ya kurukaruka mpaka suruali imwanguke!

Fikiria jambo hilo, msomaji. Mgeni ameletwa na wenye nguvu, ndani ya chombo cha ajabu, na pengine walitarajiwa kukaa kimya wakashangaa. Badala yake wakamsikiliza, wakamwekea kwato, wakamwita uwanjani acheze kwa masharti yao. Mimi nayaona hayo kuwa maoni kamili kabisa juu ya santuri, tena bora kuliko mengi yanayoandikwa magazetini, ukurasa huu ukiwemo. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba ya muziki ya ILAM ya Afrika Kusini pamoja na Ketebul Music ya Nairobi zilizirudisha rekodi hizo kwa jamii zilikotoka. Dunia nzima ilikuwa imekwisha kuusikia wimbo ule kabla baadhi ya wajukuu wa waimbaji hawajausikia.

Mtindo huo haukufa. Ulihamia kwenye kumbi za vidio. Nani kati yetu hajamsikia DJ Afro? Hutwaa sinema ya Kihindi, ya Kichina au ya Kimarekani, akaizungumzia kwa Kiswahili na Sheng tangu mwanzo hadi mwisho, akiwabatiza waigizaji majina na kumwonya staringi kuwa adui yuko nyuma ya mlango. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu wao. Waganda wana VJ wao, na katika mtaa wa Wakaliga huko Kampala, Isaac Nabwana alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, maneno ya VJ Emmie yaligeuka kuwa sehemu ya filamu yenyewe. Watu wa Ulaya na Marekani huitazama kwa ajili ya maneno hayo kama vile kwa ajili ya risasi.

Wapo wanaosema kwamba watu hao huharibu sinema. Mimi nasema huharibu na kutengeneza kwa wakati mmoja. Huharibu kwa sababu hawaachi nafasi ya kimya. Pale ambapo mwenye filamu alitaka tusikie pumzi za mtu anayeogopa, DJ anatupigia kelele. Lakini katika ukumbi wa vidio pale sentani Kimulot, nilikokaa kwenye benchi katikati ya vijana wa bodaboda, niliona watu wazima wakibishana juu ya sababu ya staringi kumwacha adui hai. Ni wapi pengine ambapo dereva wa bodaboda, mchuma chai na mwanafunzi wa chuo cha ufundi hukaa pamoja kubishana juu ya huruma? Anayewafungulia mlango ni yule msimulizi. Akisema lake, wao nao husema lao.

David Tosh Gitonga alilijua hilo alipotengeneza Nairobi Half Life, filamu ya mwaka 2012. Kijana wake, Mwas, tunakutana naye kijijini akiuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja, mikono hewani, mdomo ukitoa milio ya bunduki. Kisha anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa, anafungwa, na anajikuta mchana kwenye jukwaa na usiku katika genge la wezi. Tuliijadili filamu hiyo kwa dada kwa saa nzima. Shemeji alishikilia kwamba ni filamu ya kuwaonya vijana wasiende Nairobi. Bintiye wa pili, aliye chuoni, akasema la, ni filamu ya kuonyesha kwamba kijijini hakuna mtu aliyemuuliza Mwas anataka kuwa nani. Hawakuafikiana hadi chakula kikapoa. Yangu mimi ni kwamba filamu ile inapendeza zaidi katika robo yake ya kwanza, na kwamba baadaye bunduki zinazidi. Nitaongeza, kwa wazazi, kwamba si ya watoto. Bodi ya kuainisha filamu huweka alama za umri kwa sababu, nazo hazichukui hata dakika moja kuzisoma.

Sasa nije kwenye filamu moja ambayo si rahisi kuitaja nchi ile. Februari 2023, BBC ilionyesha filamu ya uchunguzi kuhusu mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Zaidi ya wanawake 70 walikuwa wameliambia shirika hilo kwamba walidhulumiwa kimapenzi na wasimamizi wao kazini. Mwandishi mmoja alijifanya mtafuta kazi akaingia na kamera iliyofichwa. Baadhi ya wasimamizi walisimamishwa kazi, na Bunge likaagiza uchunguzi.

Nilipoitaja, shemeji alisema kuna mvua, akatoka kwenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa na neno lolote. Dada ndiye aliyejibu. Alisema aliiona kwa rununu, usiku, peke yake. "Kilichoniliza," akasema, "si yale yaliyoonyeshwa. Hayo tulikuwa tunayasikia. Kilichoniliza ni kwamba ilibidi kamera ifichwe ndipo tuaminiwe."

Nimetafuta tangu siku ile maoni mazito kuliko hayo juu ya filamu hiyo, na sijayapata. Tena yalikaa katika kifua cha mama yule kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Wasichana wake watatu walikuwa pale wakisikiliza, na yule wa Kidato cha Tatu hakuondoa macho usoni mwa mamake. Kuna wazazi watakaosema kwamba mambo kama hayo hayazungumzwi mbele ya watoto. Nawaheshimu, lakini siwaungi mkono. Msichana ambaye kwa miaka kumi na minane hajawahi kuambiwa "wewe unaonaje?" hata kuhusu katuni, tunamtarajia aanzie wapi siku atakapotakiwa kusema kwamba bwana fulani ofisini alimtaka jambo lisilofaa? Ulimi haufunguki ghafla siku ya shida. Huzoezwa mapema, kwa mambo madogo, kwa sinema na vitabu vya hadithi, mahali ambapo mtu akikosea hapotezi kitu.

Tuje kwa kitinda mimba, umri miaka kumi na mitano. Huyu ni mtu wa gemu. Wazazi wengi wakisikia neno gemu huona kitu kimoja tu: mtoto aliyeinama, kidole kinatembea, sikio limekufa. Sisi wa rika langu tulilelewa na nyoka wa Nokia, yule aliyeanza kuonekana katika simu ya 6110 mwaka 1997, na bado namtetea. Gemu ile ilikuwa na uaminifu. Ukila unakua, ukikua nafasi inapungua, na mwisho wako ni kujigonga mwenyewe. Hakuna wa kumlaumu. Baadaye zikaja za kwetu. Mwaka 2011 vijana wa Planet Rackus jijini Nairobi walitoa Ma3Racer, ya kuendesha matatu. Mwaka 2015 ikatoka Nairobi X, ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanaivamia Nairobi nawe unatakiwa kuitetea. Hiyo ya matatu naipa heshima zaidi, maana kuendesha matatu Nairobi ni vita ambavyo mimi nimeviona.

Nilimwomba mvulana anieleze gemu anazocheza. Ya kwanza ni ya kandanda. Msomaji, alizungumza robo saa bila kumeza mate! Alinieleza kwa nini timu yenye wachezaji wa bei ghali hushindwa ikiwa mwenye kuicheza hana subira. Alilalamika kwamba wanaoongeza pesa halisi hupata wachezaji bora, na kwamba hilo si haki, kwa hiyo yeye huwa na raha zaidi anapomfunga mtu wa aina hiyo. Alijua kasoro za gemu ile kama mkulima anavyojua kona za shamba lake. Babake alikuwa amerudi kutoka kwa ng'ombe, na alisikiliza kwa mshangao. Nadhani kwa muda mrefu aliamini mwanawe hajui kuongea.

Ya pili, akasema kwa sauti ya chini, ni "ile ya ndege". Haichezi yeye, akaapa. Huitazama kwa mabegani mwa vijana wakubwa pale stendi ya bodaboda. Mnaijua: Aviator, iliyobuniwa mwaka 2019. Ndege inapaa, namba zinaongezeka, nawe unatakiwa kutoa pesa zako kabla haijatoweka. Nikamuuliza swali lile lile. Umeionaje?

Alifikiri kwa muda mrefu. Alitaka kusema kitu kama alivyosema juu ya kandanda, nikamwona akitafuta. Kisha akakata tamaa. "Anko, hiyo haina la kusema," akanijibu. "Unangoja tu."

Nimesoma makala nyingi juu ya kamari ya simu. Nimefuatilia jinsi bodi ya kudhibiti kamari ilivyosimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 kuanzia mwisho wa Aprili 2025, na najua sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Yote hayo ni mema. Lakini mvulana wa miaka kumi na mitano alinipa kipimo ambacho mzazi yeyote anaweza kukitumia jikoni kwake bila kuajiri mtaalamu. Mwambie mtoto akueleze gemu yake. Ikiwa ina la kuelezwa, mbinu, makosa, adui, ujanja uliogunduliwa jana, huenda ni mchezo, hata kama unakula muda kupita kiasi. Ikiwa hana la kusema ila kiasi kilichoingia na kiasi kilichotoka, hiyo si gemu. Jina lake ni kamari, ijapokuwa imepakwa rangi za katuni. Shemeji aliposikia hayo aliuliza tu majina ya vijana wakubwa wa stendini. Mvulana hakuyataja, na mimi niliona vyema nisimlazimishe. Kesho yake nilimwona baba akielekea stendi mwenyewe, mwavuli mkononi.

Siku ya nne tulitunga kanuni ya nyumba. Yeyote atakayesema "ni nzuri" au "ni mbaya" bila kuongeza "kwa sababu" atakwenda kuchota maji. Wa kwanza kuchota maji nilikuwa mimi, juu ya mandazi. Wa pili alikuwa shemeji, juu ya taarifa ya habari. Baada ya hapo watu walianza kuchunga maneno, na nikagundua jambo ambalo sikulitarajia: "kwa sababu" ni ngumu kwa watu wazima kuliko watoto. Watoto wana sababu tele, baadhi yake za ajabu. Binti wa pili alikataa filamu moja maarufu ya mapenzi kwa sababu mhusika mkuu hakuwahi kuonekana akilipa nauli. Nilicheka, kisha nikakaa nikafikiri, nikaona ana haki. Tangu hapo kila nikitazama filamu namtafuta anayelipa nauli.

Kitu kimoja nilichokikataza ni kumcheka mtu aliyetoa maoni yaliyopinda. Kubishana, ndiyo, kucheka, hapana. Mtoto aliyechekwa mara moja mbele ya wageni hufunga duka mwaka mzima. Na kwa walimu wanaousoma ukurasa huu, nina ombi dogo tu: kabla ya kuuliza dhamira, tengeni dakika tano za kuuliza ni nani aliyemkasirikia nani katika kitabu. Hazitaonekana kwenye silabasi. Dhamira itafuata yenyewe, maana hasira ya msomaji aghalabu imejificha pale pale ilipo dhamira.

Jioni ya mwisho tulitazama Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018, kwenye kipakatalishi changu kilichowekwa juu ya kiti cha mbao. Ni habari ya Jo, msichana wa miaka tisa aliye mgonjwa wa kufa, anayependa sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dadake analishawishi kijiji kizima kumfanya Jo aamini kwamba yeye pia ana nguvu hizo, na mwishowe wanamtengenezea filamu yake. Kwangu mimi hakuna filamu ya Kenya inayofaa zaidi kutazamwa na familia nzima, kwa sababu inawaruhusu watoto kucheka na watu wazima kulia katika dakika ile ile, bila kumwonea aibu mwenzake. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni muziki unaotuamrisha kulia wakati tayari tunalia.

Wasichana walilia. Mvulana alidai moshi wa jikoni umemwingia machoni. Shemeji akasema, bila kusukumwa, kwamba alimpenda mwenye ukumbi wa vidio kwa sababu alitoa alichokuwa nacho. Ikabaki zamu ya Kogo, kama wanavyomwita nyanya huku, mamake shemeji. Hajui Kiingereza na Kiswahili chake ni cha sokoni, na alikuwa ameitazama filamu yote akiwa ameshika kikombe mkononi bila kunywa. Mjukuu wake akamuuliza kwa Kipsigis, naye akajibu kwa maneno machache. Ilibidi tungoje tafsiri.

"Kogo anasema watu wote walimkimbilia mtoto, na hilo ni jema. Lakini yule mama mwenye mtoto, ni nani aliyekwenda kukaa naye jikoni?"

Tuliirudisha filamu nyuma, tukaanza kutafuta.